Basi Igandishe

Damu ilikuwa haikomi, na koti lilikuwa jeupe.

Sindano ilimchoma kidole tu, jambo la kawaida kwa mshona vifungo. Wenzake hunyonya kidole wakaendelea. Chake kilivuja kama bomba bovu, kwa sababu ya vidonge. Daktari alimweleza: moyo wake unapiga ovyo, damu inatuama humo ndani, ikituama inaganda, na bonge likichomoka likapanda kichwani, kwisha habari. Vidonge vinaizuia kuganda. Asiviache hata siku moja.

Kiwanda kilishona makoti ya madaktari.

"Mama Vifungo," alisema msimamizi, ambaye wanawake walimwita Bwana Doa akiwapa kisogo. Alikuwa na shingo nene, na kazi yake duniani ilikuwa kuinua kwenye mwanga nguo zilizoshonwa na watu wengine. "Hapa tunashona, hatuchinji."

"Nisamehe, bosi. Ni dawa ya moyo. Inafanya damu isigande."

"Basi igandishe."

Watu wakacheka. Hata yeye alicheka kidogo, kwa adabu.

"Koti hili umelinunua. Likitokea jingine, kaa nyumbani na moyo wako." Akamvua kitambaa alichojifunga kidoleni, akakitupa chini. "Na matambara sitaki. Yanakuchelewesha."

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekaa naye benchi moja, alisubiri ile shingo ipite.

"Igandishe, eti. Kama barafu. Huyu udaktari kasomea choo gani?"

"Nyamaza, wifi. Nikifukuzwa, nitakula huo moyo?"

Wifi akakata uzi kwa meno, akafikiri. "Basi meza siku ya mapumziko tu. Siku za kazi acha. Dawa ni dawa, itabaki mwilini."

Lilionekana jambo la akili. Jumapili alimeza viwili kwa mpigo, kama anayelipa deni. Siku nyingine kichupa kilikaa juu ya kabati kikimtazama. Vidole vikatii. Alichomwa, akanyonya, akaendelea.

Bwana Doa akamsimamisha mbele ya benchi zote. "Mnamwona huyu? Aliambiwa, akasikia. Ninyi wengine masikio mmeyaweka ya kutundikia hereni."

Wakampigia makofi. Alifurahi, na furaha hiyo akaichukia palepale.

Asubuhi moja sindano ilimponyoka. Aliinama kuiokota, mkono ukakataa. Alitaka kumwambia wifi, mdomo ukaenda upande. Akalalia kazi yake taratibu, kama mtu aliyechoka.

"Bosi, anaanguka," wifi alisema. "Njoo umshike."

Bwana Doa alikuja upesi. Akashika koti. Alilichomoa chini ya shavu lake, akaliinua kwenye mwanga, akaona kola imelowa mate.

"Na leo tena," alisema.

Mama Vifungo alilipa hivi: mkono wa kulia, mguu wa kulia, nusu ya mdomo. Maneno yote yalikwenda likabaki moja, "ndiyo", analomjibu nalo kila anayekuja kumwona, hata akiulizwa jina la mwanawe. Na bei ya koti lile la mate, iliyokatwa kwenye mshahara wake wa mwisho.

Koti lenyewe lilifuliwa, likauzwa.