Kikopo cha Ugoro

Mama Shirleen wa mlango wa pili anasema binamu yake alipasuliwa pua, akarudi Dandora na mshono kutoka jichoni hadi mdomoni, mpaka watoto wake wenyewe wakamkimbia. Wiki hii ametusimulia mara tatu. Jana mshono ulikuwa umeshafika shingoni.

"Na wewe ndiyo unampeleka mamako huko," akaniambia.

"Watapitia tundu la pua. Hakuna wembe usoni."

"Utajua nini, na uliishia darasa la nane?"

Najua kwa sababu niliona. Daktari Halimo alimwingiza mama mrija mwembamba wenye kamera, na kwenye skrini tukaona kinyama kimejikunjakunja kama matumbo ya mbuzi, kimeziba upande wote wa kushoto. Si saratani, alisema, lakini tukikiacha kitasukuma jicho, na siku moja kinaweza kugeuka kibaya. Watakitoa kwa njia hiyo hiyo ya mrija. Kisha akamkazia mama macho.

"Ugoro, mama, wiki mbili usiguse. Ukinusa, ndani patavuja damu, kamera haitaona kitu, na mimi nitaahirisha."

"Sawa, mwanangu," mama akasema. Amenusa ugoro tangu tukikaa kijijini Mwala. Anasema unafungua pua.

Leo saa nane mchana ndiyo tulitakiwa kwenda kulazwa. Tangu asubuhi mama hakutulia. Alifagia chumba mara mbili, akakunja leso, akakunjua, akauliza kama hospitali wana vikombe. Chooni alikwenda mara nne. Kila akirudi, chafya.

Mimi nilikuwa napanga nguo zake kwenye begi. Aliporudi mara ya tano niliona fundo lenye kitu kigumu cha mviringo kwenye pembe ya leso, na kando yake doa la kahawia lenye wekundu katikati.

"Mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba, "hiyo ni nini?"

"Vumbi la hapa mtaani Umoja. Kwani hulijui?"

"Vumbi halifungwi fundo."

Akacheka, halafu kicheko kikakatika. Akaketi kitandani.

"Mutheu, wakinipasua uso, utanijua?"

"Nitakujua kwa hizo chafya."

Safari hii hakucheka. Nje Mama Shirleen alikuwa anamsimulia mtu mwingine. Mshono sasa uko kifuani. Mama alikuwa anasikiliza, kidole kikizunguka fundo.

Nikanyoosha mkono.

"Nipe hicho kikopo, mwaitu. Halafu twende tumwambie daktari ukweli."