Simu Yenye Kava la Paka

Masomo yalikwisha, nguvu zangu zilikuwa zimetangulia. Nilikuwa ofisini na rundo la madaftari, kalamu nyekundu imekauka kama mwenyewe, binti wa kidato cha pili alipochungulia mlangoni.

"Shikamoo mwalimu. Nikikuonyesha kitu, utaninyang'anya?"

"Marahaba. Kama ni chakula, ndiyo."

Hakucheka. Alichomoa simu kwenye soksi. Shuleni kwetu simu ni marufuku. Ikikamatwa, inalala kwenye droo ya mwalimu wa nidhamu mpaka shule ifungwe. Alilijua hilo. Akaiweka mezani hata hivyo.

Kwenye grupu la darasa walikuwa wamebandika uso wake juu ya mwili wa mbuzi. Chini yake vicheko, na sauti za "mee" walizorekodi. Ndipo nikaelewa ile "mee" ya chinichini ninayoisikia kila nikimsimamisha kujibu swali. Nilidhani utoto tu.

"Kesho siji, mwalimu. Nimeona nikuambie wewe."

Kabla sijafungua mdomo, akaingia mwalimu wa nidhamu. Wanafunzi wanamwita Filimbi. Mkono ulishanyooka.

"Lete hiyo simu."

Binti akainamisha kichwa. Tukiichukua, tumemwadhibu aliyesema, na waliomcheka wanalala usingizi mnono.

"Yangu hiyo," nikasema.

Filimbi akalitazama kava la waridi lenye paka. "Yako, kaka?"

"Uzee una mambo, dada. Soma kwanza, halafu uninyang'anye."

Akavuta kiti, akashusha miwani, akasoma mpaka mwisho. Kisha akazipapasa funguo za droo yake.

"Mle ndani zimejaa," akasema polepole. "Sijui ni ngapi zilikuwa zinaniletea habari kama hii."

Tukaupiga picha ujumbe wote na majina ya walioandika, wasije wakaufuta. Filimbi akamrudishia binti simu.

"Ficha vizuri, mwanangu. Mimi sijaiona. Wazazi wao nawaita asubuhi."

"Na mimi sikusimamishi mpaka utake mwenyewe," nikaongeza. "Ila njoo."

Akairudisha simu kwenye soksi, akaondoka.

Asubuhi macho yangu yalikuwa mazito, na kiti chake kitupu. Nikaita majina taratibu kuliko siku zote. Nilipofika kwake nikaita mara mbili.

"Nipo, mwalimu!" Alikuwa mlangoni, anahema.

"Kaa, mama."

Mmoja wa nyuma akavuta pumzi, mdomo tayari kwa mbuzi. Akamwona Filimbi dirishani, akaigeuza kikohozi.

"Pole na kifua," nikamwambia, nikaendelea kuita.