Bunduki Iliyopikwa Kama Jembe

Jumatatu, tarehe 12 Januari 1953. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msitu wa Shengena ukalala juu ya mahindi ya Mhezi, na manyunyu yalikuwa yakidondoka kwenye migomba. Simeoni mhunzi aliingia katika kibanda chake cha kufulia chuma akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani, kwa sababu Jumamosi alikuwa amemaliza kazi aliyojivunia kuliko zote.

Ilikuwa bunduki ya Mzee Nathanaeli, bunduki kuukuu ya marisau yenye mitutu miwili, na kijiji kizima hakikuwa na nyingine. Ndiyo iliyowafukuza nguruwe mwitu mashambani. Ilikuwa imeshika kutu, na mzee aliileta isafishwe kabla mahindi hayajakomaa. Simeoni aliisugua kwa mchanga na majivu, kisha akaifanyia kama baba yake alivyomfundisha kufanyia majembe: aliitia mitutu motoni mpaka ikashika joto, akaipaka mafuta ya nyonyo, ikawa nyeusi ti, inang'aa kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Sasa aliinyanyua aitazame kwa mwanga wa mlangoni. Ufito wa chuma uliokaa kati ya mitutu ukaanguka, kli! Halafu mitutu yenyewe ikaachana, ikapanuka kama miguu ya ndama aliyezaliwa sasa hivi.

Simeoni aliinama kwenye majivu. Humo mlikuwa na matone meupe ambayo Jumamosi aliyadhani ni uchafu. Leo aliyatambua: lehemu. Jembe ni chuma kitupu, halina kiungo cha kuyeyuka. Mitutu hii ilikuwa imeshikanishwa kwa lehemu, naye ameipika kama jembe.

Mkewe Eliwaza alifika na uji. "Baba Yudith, mbona wimbo umekatika?"

"Njoo uone mwenyewe."

Eliwaza alitazama, akaziba mdomo, akajitahidi asicheke, akashindwa. "Kumbe ilikuwa na mimba ya mapacha!"

"Usicheke, mke wangu. Nguruwe wakiingia wiki hii tutawafukuza kwa nini?"

"Kwa mluzi wako." Kisha akasema taratibu, "Na unajua hakuna atakayekugombeza."

Hilo ndilo lililomchoma. Tangu enzi za mababu, mtu wa Mhezi hamkaripii mhunzi nyundo ikiwa karibu naye. Waliamini kwamba nyundo ikigongwa kwa hasira, balaa huingia nyumbani kwa aliyemkasirisha mhunzi. Hata wazee wa kanisa, wanaokemea dhambi kila Jumapili, wakifika mlangoni kwake sauti zao zilipungua. Angesema chuma kilikuwa kimezeeka, nani angembishia?

Alipiga magoti penye majivu yale yale. "Bwana, wao wanaogopa kunikemea. Nikemee wewe." Akainuka, akachomeka nyundo kiunoni kama kawaida yake, akaenda kwa Mzee Nathanaeli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Bunduki yangu imetakata?"

"Imetakata mpaka imeachana." Akamweleza yote, bila kuficha hata tone moja la lehemu.

Mzee Nathanaeli alifungua mdomo, akaiona nyundo, akaufunga. "Basi," alisema, kama mtu aliyemeza ugali wa moto, "ni mapenzi ya Mungu."

"Si mapenzi ya Mungu, mzee. Ni mikono yangu. Lakini yuko Amiri, fundi bati wa Same. Analehemu. Mwenye leseni ni wewe, na askari wa boma wakinikuta nayo peke yangu, jela. Twende wote."

Waliteremka mlima pamoja hadi Same. Simeoni naye alikuwa na lake la kumeza: kwa miaka mingi, kila siku ya soko, alikuwa akimwita Amiri "daktari wa ndoo."

Amiri hakuwa amesahau. "Jamani, njooni mwone! Leo chuma kimekuja kuomba dawa kwa bati!"

"Kimekuja, ndugu yangu," alisema Simeoni. "Tena kimepiga magoti."

Amiri akacheka, akamkaribisha kiti. Kesho yake alishinda kutwa akiibana mitutu kwa waya na kuilehemu kidogo kidogo, na Simeoni ndiye aliyemvukutia moto. Jioni aliwakabidhi. "Moto umekionja chuma hiki. Mara ya kwanza msiipige mkononi. Ifungeni kwenye gogo, mvute kamba mkiwa mbali."

Ijumaa kijiji kizima kilikusanyika nyuma ya shamba la Mzee Nathanaeli. Mzee alishindilia baruti na marisau, bunduki ikafungwa kwenye gogo, Simeoni akashika kamba. Ikipasuka, mahindi ya watu wote hawa yamekwenda. Alivuta. Puu! Akavuta tena. Puu! Moshi ulipotawanyika, mzee alipitisha kidole kwenye kiungo chote. Hakuna kilicholegea. Vigelegele vikapaa.

"Basi, fundi, yamekwisha," alisema mzee, lakini kwa sauti ile ile ya ugali wa moto.

Simeoni alijua hayajakwisha. Akachomoa nyundo kiunoni, akaiweka mkononi mwa mzee. "Nyundo unayo wewe. Sasa nigombeze."

Mzee aliitazama nyundo, akamtazama Simeoni, na lililokwama siku tano likatoka.

"Simeoni! Bunduki ya marehemu kaka yangu unaikaanga kama bisi? Huna ulimi wa kuuliza? Miguu imeniota malengelenge mpaka Same!"

"Kweli, mzee."

"Nipisheni na mimi," alisema Bibi Rogathe, akaipokea nyundo kwa mikono miwili. "Panga langu la mwaka juzi ulilipinda! Ninakata majani ninazunguka kama kuku!"

Kila mtu aliangua kicheko, Simeoni akiwemo, na mzee alicheka mpaka akajifuta machozi. Foleni ya wenye lawama ikaanza kujipanga.

Simeoni alivua kofia. "Sikilizeni," alisema kwa sauti iliyofika mpaka ng'ambo ya shamba. "Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, kuanzia leo, kazi nitakayoiharibu nitakuja kuisema mwenyewe kabla hamjaiona. Na kila mwenye lawama akija kwangu, nyundo nitampa kwanza aishike yeye."