Kicheko Kilichokatazwa

Daktari Haugland alikata kipande chembamba cha nyama kutoka kwenye kaakaa la Sunniva, akakipandikiza juu ya meno mawili ya mbele ya chini, pale ambapo ufizi ulikuwa umerudi nyuma mpaka mizizi ikabaki wazi na upepo wa Stavanger, mji wao wa pwani ya Norwei, ukawa unaichoma kama sindano. Alipomaliza kushona, alitoa masharti.

"Kikitikisika, kitakufa, na meno haya hayatakaa sana. Usivute mdomo kukitazama. Usicheke."

"Hilo la mwisho mwambie huyu," Sunniva alisema kwa mdomo wenye ganzi, akimwelekezea mumewe kidole.

Torleiv alifanya kazi kwenye jukwaa la kuchimba mafuta baharini: wiki mbili huko, wiki nne nyumbani. Nusu ya likizo yake ilikuwa imekwisha, na nyuzi zingetolewa asubuhi ileile ambayo angerudi kazini. Vichekesho vya kuwasimanga Waswidi kila Mnorwei anavyo. Torleiv alivisimulia kwa uso mkavu wa hakimu, na kwa uso huo ndio Sunniva alikuwa amempenda.

Sasa Torleiv alitii kupita kiasi. Alipika supu ya samaki, akaipoza mpaka ikawa vuguvugu, akaketi.

"Mvua leo," alisema.

"Mm."

"Na kesho."

"Sema kitu, Torleiv."

"Si nimesema? Mvua."

"Kitu chako."

"Ufizi kwanza, mke wangu. Nikikuchekesha, daktari atanishona mimi mdomo."

Pembe ya mdomo wa Sunniva ilitikisika. Torleiv aliiona, akainuka bila neno, akatoka kwenda kupasua kuni ambazo hawakuzihitaji.

Sunniva alisikiliza shoka. Upweke wa kumkosa mumewe akiwa baharini alikuwa ameuzoea. Upweke ule ulikuwa na tarehe ya kwisha. Huu wa sasa uliketi naye mezani, ukimpulizia supu. Alimtamani mtu ambaye koti lake lilikuwa limetundikwa mlangoni, na siku za likizo zilizidi kupukutika kwa adabu.

Asubuhi ya mwisho, Torleiv akiwa tayari kwenye kituo cha helikopta, daktari alizitoa nyuzi na kumpa Sunniva kioo. Kipande kilikuwa cha waridi, kimeshikana na ufizi.

"Naruhusiwa kucheka?"

"Kidogo. Kistaarabu."

Alipiga simu akiwa bado kwenye ngazi za kliniki.

"Kimeshika," alisema.

Torleiv alishusha pumzi ndefu. "Haya, sikiliza upesi, tunapanda sasa hivi. Mswidi mmoja alikwenda kwa daktari wa meno amebeba ngazi. Daktari akamwuliza, bwana, ngazi ya nini? Yeye akajibu—"

"Torleiv, zima simu, twende," mtu aliita, na laini ikakatika.

Jioni Torleiv alipiga kutoka jukwaani. "Tulifika wapi? Ndiyo, Mswidi akajibu—"

"Nyamaza."

"Vipi, kidonda kinauma?"

"Hakiumi. Usinimalizie. Nataka nicheke nikiwa nakutazama."

"Wiki mbili, Sunniva? Kwa kichekesho kibovu namna hii?"

"Kibovu kiasi gani?"

"Aibu tupu."

"Basi kitunze."

Kupitia mvumo wa mitambo, Sunniva alisikia pumzi ya Torleiv ikikatikakatika, akatambua kwamba na yeye alikuwa anajizuia asicheke.