Steki ya Balungi Nyumbani kwa Ngeleja

Mzee Ngeleja wa Dutwa alikuwa na ng'ombe wengi kuliko alivyopenda kuwataja, na daktari alikuwa amemkataza kula nyama yao.

Ugonjwa ulimwanzia kwenye kidole gumba cha mguu. Kilivimba, kikawa chekundu, hata shuka likikigusa alipiga kelele. Hospitalini Bariadi waliutaja kwa jina: jongo. Wakamwambia aache pombe na nyama nyekundu. Pombe aliiacha siku ileile. Nyama ilimshinda, na sababu haikuwa ulafi. Kwake wanaume walikula pamoja, na mwenye nyumba ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono. Akija mgeni wa heshima, mbuzi huchinjwa. Mwenye nyumba asipoonja, mgeni ataanza kujiuliza chakula kina nini. Kwa hiyo Ngeleja alionja kila mara. Wageni wakishaondoka, alilala kitandani akiuma meno, na mkewe Nyanjige akimkanda mguu kwa maji.

Ndivyo Wilhelmina, binti yao mkubwa, alivyomkuta aliporudi kutoka Kyuba.

Alikuwa ameondoka miaka ya foleni, wakati sabuni na sukari vilitafutwa kama dawa. Alikwenda kusomea udaktari wa mifugo, na watu wa Dutwa walicheka sana: msichana apelekwe ng'ambo kusomea ng'ombe, wakati ng'ombe wamejaa nyumbani! Ngeleja hakucheka. Alimsindikiza mpaka kwenye basi.

Kyuba alikuta mkate, maziwa na nyama tele. Kisha mambo yakageuka. Meli za Warusi zilizoleta mafuta na ngano ziliacha kuja, na nchi nzima ikakaza mkanda. Huku nyumbani nako mambo yaligeuka, ila kwa upande wa pili: ikawa enzi ya ruksa. Aliporudi mwaka tisini na tano alikuta maduka ya Bariadi yamejaa unga wa ngano na sabuni za rangi zote, malori ya wafanyabiashara binafsi yakigombea pamba ya wakulima, na mashine mpya zikikamua mafuta ya mbegu mchana kutwa.

Hakuwa amemaliza hata kusalimia ndugu wote ilipokuja habari kwamba mzee Mahona wa Lagangabilili angekuja na watu wake kuzungumza mahari. Mwanawe Method alitaka kumwoa Elizabeth, mdogo wake Wilhelmina. Mahona alikuwa mtu mzito, tena mwepesi wa kuona dharau.

"Utakula nyama siku hiyo, baba?" Wilhelmina aliuliza.

"Nitakula."

"Mguu je?"

"Mguu ni wangu, mayu," alisema Ngeleja. Alizoea kumwita mayu, yaani mama, kwa kuwa jina lake la nyumbani lilikuwa la bibi yake, mama yake Ngeleja. "Unataka niketi mbele ya wakwe nikitazama chakula changu kama mgonjwa? Watasema namkataa kijana wao."

 Baadaye, walipokuwa wawili tu kando ya zizi, Wilhelmina alimsimulia baba yake jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

Mji aliosoma uliitwa Kamaguey, nchi ya ng'ombe kama Usukuma. Jirani na bweni lao aliishi mama mmoja mshonaji, Caridad. Shida ilipokaza, watu wa pale waliwaona ng'ombe malishoni kila siku lakini hakuna aliyeruhusiwa kuchinja. Walikuwa wa maziwa, na wa serikali. Basi Caridad akachukua maganda ya mabalungi ambayo zamani yalitupwa, akayachemsha, akayatia vitunguu saumu na ndimu, akayakaanga kama steki. Aliweka kitambaa mezani, akapanga visu na uma, akawaita watoto wake pamoja na wanafunzi wa kigeni waliokuwa na njaa.

"Hakuomba radhi hata kidogo, baba. Alisema: leo tunakula steki. Na tulikula steki."

Ngeleja aliwatazama ng'ombe wake kwa muda.

"Wanawaona lakini hawali," alisema. "Wangenielewa, watu hao. Na huyo mama ni mwanamke kweli kweli." Halafu akaongeza, "Lakini mimi ganda sili."

Wilhelmina hakubishana. Kesho yake alikwenda gulioni kwa Januarius, muuza matunda aliyeleta mabalungi kutoka upande wa ziwani, akachagua yenye ganda nene. Nyumbani alimenya ngozi ya juu ya njano kwa kisu kikali, akabakiza ile sehemu nyeupe, laini kama sifongo, iliyo kati ya ngozi na tunda. Aliikata vipande bapa, akaichemsha, akaiunga, akaikaanga.

Ilikuwa chungu kama mwarobaini. Elizabeth aliitema. Wilhelmina mwenyewe alimeza kipande kwa ukaidi tu, machozi yakamlenga. Kyuba alikuwa amekula na kutazama, lakini kazi yenyewe hakuwahi kuifanya kwa mkono wake.

Nyanjige alionja, akakunja uso, akaonja tena.

"Mboga chungu ya mgagani unaipikaje?" alimuuliza bintiye.

"Nachemsha, namwaga maji, nachemsha tena."

"Sasa hili tunda lina heshima gani hata ulipike kwa maji ya mara moja?"

Wakaanza upya, mama na binti. Walichemsha, wakamwaga, wakachemsha tena mpaka maji yakaacha uchungu. Nyanjige alikamua kila kipande kati ya viganja vyake, taratibu kisivunjike, kikawa chembamba kama kitambaa chenye unyevu. Ndipo wakakilaza kwenye ndimu, chumvi, vitunguu saumu vilivyotwangwa, pilipili manga na binzari nyembamba, wakakiacha kinywe viungo hivyo mchana wote. Jioni walikichovya kwenye uji mzito wa unga wa ngano, wakakivingirisha kwenye chenga za mkate mkavu, wakakikaanga kwa mafuta ya pamba. Juu walimwaga vitunguu maji vilivyokaangwa nusu.

Harufu ilimfikia Ngeleja uani. Hakuna aliyemwita. Alikuja mwenyewe akichechemea, akasimama mlangoni mwa jiko, mahali ambapo kwa kawaida hakufika.

"Nipe," alisema.

Alitafuna polepole. Nje ilikatika kwa mlio kama ngozi ya nyama iliyoiva vizuri. Ndani ilikuwa laini, na ukali wa ndimu ulifuatwa na chumvi na vitunguu saumu. Alimaliza kipande, akaramba kidole.

"Si nyama," alisema. "Lakini nimeshiba heshima. Siku ya wageni muikaange."

Mahona alikuja na mshenga wake, Novatus, na wazee wengine. Walipokelewa vizuri, wakasalimiana mhola, mhola, wakaketi. Ugali ukaja, bakuli la mbuzi likawekwa katikati, na sahani ya steki upande wa Ngeleja. Wilhelmina alikuwa amepanga hivyo kusudi baba yake apate cha kuchukua na mtu asitambue.

Ngeleja alimega tonge, akachukua steki, akala. Wageni wakaanza. Lakini macho ya Mahona yalikuwa kwenye ile sahani, na muda si muda mkono wake ukaifuata. Alikula kipande, akachukua kingine.

"Steki hii ni laini sana," alisema. "Umechinja ndama?"

 Ngeleja angeweza kusema ndiyo, na mambo yangeishia hapo. Aliweka tonge chini.

"Hiyo si nyama, Mahona. Ni ganda la balungi. Nina ugonjwa wa miguu, nimekatazwa nyama, na sikutaka ule peke yako nyumbani kwangu. Mbuzi ni wenu. Mimi nakula hiki. Sitaki tuanze undugu kwa kudanganyana."

Novatus alirudisha mkono wake haraka. Mzee mmoja akakohoa. Mahona alikitazama kile kipande mkononi mwake, akakigeuza.

"Mwaka jana kwenye arusi kwa Mayige ulikula nyama pamoja nasi," alisema. "Halafu nikasikia umelala unaumwa."

"Nililala kweli."

"Kumbe ulikuwa unajiumiza kwa ajili yetu!" Mahona alitikisa kichwa, akakitia kile kipande kinywani, akakila chote. "Nani amepika?"

Wilhelmina aliitwa. Alipiga goti akasalimu.

"Wabeja, mayu," Mahona alimshukuru. "Walisema umekwenda ng'ambo kusomea ng'ombe. Hawakusema umejifunza pia kumlinda baba yako. Utakuja kwangu umfundishe mke wangu, maana huyu sasa ni ndugu yangu na akija sitaki arudi nyumbani amebebwa."

Wazee walicheka, na kicheko hicho kilifungua mazungumzo. Novatus naye alionja mwishowe, akasema kwa sauti ya chini kwamba si mbaya. Mahari ilikubaliwa kabla jua halijashuka.

Elizabeth aliolewa baada ya mavuno ya pamba, na siku hiyo Ngeleja alicheza. Wilhelmina alipangiwa kazi Meatu. Alizunguka Lingeka na vijiji vingine akichanja ng'ombe, na wafugaji walimtuma mtu kumfuata kila ndama alipokataa kunyonya. Kwa Mahona hakupata nafasi ya kwenda. Alikwenda Nyanjige badala yake, akiwa na mabalungi kwenye kikapu, akapokelewa na Philomena, mke wa Mahona, ambaye alikuwa mpishi mwenye maoni yake.

Wanawake hao wawili waliketi jikoni mchana kutwa, wakimenya na kukamua. Philomena aliona ndimu imezidi; Nyanjige akasema ndimu ndiyo roho yake. Kipande cha kwanza kilipotoka kwenye mafuta, Philomena alikipuliza, akauma, akafikiri.

"Chumvi imepungua," alisema.

Nyanjige alionja, akakubali, akaongeza.