Kitufe cha Koma

Jumanne, saa kumi na nusu alasiri, Fondo Kadenge alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele la kibanda cha gemu cha Kimani, pale Mikindani, akiandika maoni yake ya thelathini na nane. Shati la kazini lilikuwa bado mwilini, na vumbi la unga limejaa kwenye mikunjo ya kola. Daftari lake lilifungwa kwa uzi wa gunia kwenye msumari, kando ya televisheni ya kwanza, ili mteja alisome kabla hajaamua atacheza nini.

Hakuna aliyemtuma kazi hiyo. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, kibarua wa kubeba magunia katika kiwanda kimoja cha unga huko Changamwe. Wenzake wakitoka zamu walikwenda kunywa mnazi; yeye alikwenda kushika padi ya gemu. Mkewe alisema heri gemu kuliko mnazi, kisha akafikiri tena akasema ni mamoja. Fondo hakujali. Aliamini kwamba kitu kinachokula saa mbili za maisha ya mtu kinastahili kusemwa ukweli wake, naye aliusema, akatia jina lake kamili chini ya kila maoni.

Kuhusu gemu ya kilimo aliandika: "Rangi ni nzuri. Mahindi hukomaa kwa dakika nne na hakuna nyani. Aliyeitunga hajalima Kaloleni. Saba kwa kumi." Kuhusu gemu ya malori: "Barabara hazina mashimo wala mizani. Inapumzisha. Nane." Kuhusu gemu ya vita: "Bunduki ni sawa. Maiti hutoweka baada ya sekunde kumi, na haielezwi huzikwa na nani. Nne." Madereva wa tuktuk na mafundi wa makanika walisoma, wakacheka, wakafuata ushauri wake.

Siku hiyo alikuwa anachambua gemu mpya ya mpira. Alikuwa ameshaandika kwamba refa wake hahongeki, na kwa hiyo mchezo haufanani sana na mpira. Alitaka kuzikagua nyuso za mashabiki, akabonyeza KOMA.

Neno hilo lina habari yake. Rangi ya vitufe vya padi za Kimani ilikuwa imefutika kwa vidole vya watu, basi Kimani akabandika vipande vya plasta na kuandika kwa kalamu: PASI, PIGA, KIMBIA. Kwenye kitufe cha kusimamisha mchezo aliandika KOMA. Alikuwa mtu wa Murang'a. Kwa lugha ya mama yake koma ni kulala, na kwa Kiswahili alichofundishwa shuleni ni kuacha, akaona neno limefaa mara mbili. Watu wa pwani walimcheka, wakamwambia mtu haambiwi koma ila kwa ugomvi. Hakuna aliyemkumbusha kwamba kwa Kigiriama koma ni wafu wa nyumbani, wale wanaoitwa kwa majina wakamwagiwa maji au tembo la mnazi. Alipaswa kuandika SIMAMA.

Fondo alipobonyeza, wachezaji wote waliganda walipo, mmoja mguu juu. Kisha Munga Tinga akaingia uwanjani kutoka upande wa kibendera cha kona, taratibu, amevaa ovaroli la kiwanda na kandambili moja. Alikuwa mweupe kwa vumbi la mahindi hadi kwenye kope. Alifika katikati ya uwanja, akaangalia huku na huku, akaketi.

"Huyo ni wa timu gani?" Kimani aliuliza kutoka mezani kwake.

"Ni Munga."

"Yule wa huko kwenu job?"

"Ndiye."

Kimani alinyoosha shingo akamtazama vizuri. "Basi ni update, buda. Siku hizi wanaongeza watu ovyo." Akarudi kwenye simu yake.

Fondo aliubonyeza mchezo uendelee, na Munga hakuwapo. Aliusimamisha, akawapo. Alijaribu mara tatu, kwa kuwa alikuwa mtu makini, kisha akaandika: "Ukibonyeza KOMA, Munga Tinga huingia. Hachezi. Mpira hauathiriki." Hapo aliweka kalamu chini, maana machozi yalikuwa yamemjaa.

Munga alikuwa amekufa siku ishirini na moja kabla.

Katika kiwanda kile kibarua huingia kwa kadi. Asiye na kadi huomba ya mwenzake, na vibarua huazimana kadi kama majirani wanavyoazimana kinu. Mlinzi hukagua kadi; uso ni shauri la mwenyewe. Munga hakuwa na kadi. Siku ile gemu ya kilimo ilikuwa ndiyo kwanza imefika kwa Kimani, na Fondo alitaka kuicheza mpaka mavuno ya mwisho. Akamwambia Munga, "Shika kadi yangu, kesho utanirudishia." Munga alishukuru sana, kwani hakuwa amepata kibarua wiki nzima.

Saa moja asubuhi aliandikwa kitabuni kwa jina la Fondo Kadenge, na kadi ikabaki kwa karani. Saa nane mchana alitumwa ndani ya silo, lile tangi refu la mahindi, akavunje bonge lililoziba mdomo wa chini. Hakufungwa kamba. Kamba hutolewa siku za ukaguzi. Mahindi yalimmeza mpaka kifuani, kisha yakamaliza. Matano, kibarua aliyekuwa juu ya ngazi, alipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Mashine ilizimwa kwa robo saa. Kitabu kikatazamwa, na jina la Munga Tinga halikuwamo. Kesho yake Fondo alifika langoni kuulizia habari, karani akamwona mzima, akamrudishia kadi, akaandika mbele ya jina lake: ametoka salama. Fondo alimwona akiandika. Aliiogopea kazi yake, akanyamaza. Hivyo ikawa hakuna aliyepotea, na Matano akaambiwa vumbi lilimwingia machoni. Tangu siku hiyo hakuna mtu Mikindani aliyenunua unga wa kiwanda hicho. Halikutolewa tangazo lolote. Watu walipika muhogo.

Purity, mke wa Munga, alikwenda polisi, nao wakaonyeshwa kitabu wakaridhika. Alikwenda kwa mchungaji wake, akaambiwa bila mwili wala cheti Munga hawezi kufanyiwa mazishi, ila kanisa litamwombea katika kundi la wasafiri. Habari ya kadi hakuijua. Fondo hakuwa amemwambia yeye wala mtu mwingine.

Jumatano Kimani aliibandua plasta ya KOMA akabandika SIMAMA, maana wateja walilalamika kwamba yule bwana huwazibia kioo wakisimamisha mchezo. Walibonyeza SIMAMA. Mchezo ulisimama, uwanja ukawa mtupu, na utupu ule haukumpendeza yeyote. Dereva mmoja wa tuktuk akasema, "Mrudishe bwana, ametukosea nini?" Kimani akairudisha plasta ya zamani.

Fondo aliendelea na uchambuzi kwa gemu nyingine. Katika gemu ya malori, aliandika, Munga hukaa upande wa utingo na kutazama mbele. Katika gemu ya vita hatoweki baada ya sekunde kumi. Katika gemu ya kilimo haingii shambani. Husimama kwenye njia ya trekta, mbali na mahindi. Yote hayo aliyaandika kwa uaminifu. Lakini gemu ya mpira huandika jina la kila mchezaji chini ya miguu yake, na chini ya miguu ya Munga palikuwa pameandikwa FONDO KADENGE. Alikuwa ameliona tangu siku ya kwanza. Hilo hakuliandika.

Alhamisi, saa kumi na moja, Purity alifika. Alikuwa ametoka kufua nguo za watu, na vidole vyake vilikuwa vimenyauka kwa maji. Alivua viatu mlangoni kama aingiaye nyumbani kwa wenyewe, akasalimia, akaketi benchini.

"Shemeji, nimeambiwa yuko hapa."

"Yupo, shemeji." Fondo akabonyeza.

Munga akaja kutoka kwenye kona, akaketi katikati. Purity alimtazama muda mrefu. Alisema amekonda. Kisha akamwita, "Munga." Munga hakugeuka. "Baba Kai," akaita, kwa jina la mtoto wao. Hakugeuka. Purity akainama karibu na kioo akasoma herufi zile moja moja.

"Mbona hapa pameandikwa jina lako, shemeji?"

Fondo aliiweka padi magotini. "Nilimwazima kadi yangu. Aliingia kwa jina langu."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Ukifanya nini?"

"Nikivuna mahindi," akasema Fondo.

Kimani alipunguza sauti ya televisheni nyingine. Purity hakupiga kelele wala hakumtukana, na Fondo angependa atukanwe. Mwanamke alijifuta uso kwa ncha ya leso, akakigeukia kioo, akaita kwa sauti ya chini, "Fondo."

Munga akageuza kichwa, akamwona mkewe, akatabasamu.

Hapo ndipo Purity alipolia. "Koma huitwa kwa jina lake," alisema. "Mimi ni mtu wa kanisa, lakini hilo nalijua tangu utotoni. Nikikosea jina, maji yanakwenda mlango wa jirani. Mume wangu nitammwagia kwa jina la mume wa mtu mpaka lini? Nenda ukamrudishie jina lake, Fondo. Nenda mwenyewe."

Ijumaa asubuhi Fondo alikwenda kwenye ofisi ya wafanyakazi. Afisa wake, Bi Winfred, alikuwa mama mstaarabu. Alimpa kiti na kumsikiliza mpaka mwisho. Kisha akakifungua kitabu.

"Hapa umeingia saa moja. Hapa umetoka salama."

"Sikuingia, mama. Aliyeingia ni Munga Tinga, na hakutoka."

"Basi uliazimisha kadi. Unajua hilo ni kosa la kufukuzwa?"

"Najua. Nimekubali."

"Una shahidi?"

"Matano alimwona."

"Matano aliingiwa na vumbi. Mwingine?"

"Munga mwenyewe. Yuko Mikindani, kwenye kibanda cha gemu. Huonekana mchezo ukisimamishwa."

Bi Winfred aliandika jambo hilo pembeni. "Anaweza kuja hapa kutoa maelezo?"

"Hawezi. Yumo ndani ya mchezo."

"Na huko anatumia jina gani?"

Fondo alitazama mikono yake. Angeweza kusema uongo, lakini alikuwa amekuja kuuacha. "Langu," akasema.

"Basi na yeye anakubaliana na kitabu," alisema Bi Winfred, kwa upole kabisa.

"Kama Fondo Kadenge ndiye aliyeingia, mama, basi andika kwamba Fondo Kadenge amekufa."

"Siwezi kuandika kifo cha mtu aliyeketi mbele yangu. Kitabu hakichezewi." Akanyoosha mkono, Fondo akampa kadi, naye akaikata vipande viwili kwa mkasi na kuvitia kwenye droo. Alimtakia siku njema. Langoni mlinzi alimwambia Fondo apite upande wa wageni.

Jumatatu iliyofuata silo iliziba tena, kibarua akatumwa ndani bila kamba. Alikuwa ameingia kwa kadi ya binamu yake.

Sasa Fondo hushinda kibandani, kwa kuwa hana pa kwenda. Kila siku, saa kumi na moja jioni, wateja huipisha televisheni ya kwanza bila kuambiwa. Purity hufika na chupa ya maji, huketi, hubonyeza KOMA kwa kidole chake mwenyewe. Humpa mumewe habari za Kai na za shule, na anapomaliza humwaga maji kidogo kwenye sakafu ya mchanga, mbali na nyaya, kama Kimani alivyomwomba.

Ukurasa wa mwisho wa daftari unasema hivi: "Gemu ya mpira, nyongeza. KOMA inafanya kazi. Jina lililoandikwa si lake. Nimelipeleka kwa wahusika, wamekataa kulirekebisha. Sitoi alama." Maoni hayo hayana jina chini yake. Fondo alilianza, akaandika herufi ya kwanza, kisha akaikata kwa mstari mmoja.

Siku za mwanzo Purity alipoita, ulimi wa Fondo ulimponyoka akaitika "Naam," na mwanamke akamgeukia kwa uso ambao hakutaka kuuona tena. Amejifunza. Jana alikuwa kwenye benchi la nyuma, amepakata padi isiyowaka, wakati Purity alipokisogelea kioo akaita, "Fondo." Alilisikia jina lake likiitwa kwa mapenzi, akanyamaza, akamwachia mwenyewe aitike.