Umetusemea

Sokoni pale palikuwa na desturi moja ambayo fundi viatu, mwenyekiti wa soko, aliipenda kuliko uenyekiti wenyewe: kabla ya kukata shauri, mwenyekiti huanza kuusemea upande anaoupinga, mpaka wenye upande wao waseme, "Umetusemea." Hapo ndipo hutoa lake. Mikutano ilichosha, lakini hakuna aliyerudi kwenye meza yake na kinyongo.

Jumatano walijadili agizo la manispaa kwamba soko lihame. Fundi hakutaka hata kulisikia. Lakini desturi ni desturi, akasimama akaisemea manispaa: paa linavuja, choo kimefurika, tuhame. Kisha nusu saa nzima akaeleza kwa nini wasihame, watu wakapiga makofi.

Binti yake alirekodi, kwa kumwonea baba fahari. Akarusha kwenye kundi la soko dakika ile ya kwanza tu, maana video nzima ilikataa kwenda. Jioni ilishatapakaa mji mzima, na maandishi juu yake: MWENYEKITI KESHALA MLUNGULA. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi; hawakuwa na simu.

Asubuhi muuza mboga, mke wa kaka yake fundi, hakumjibu fundi salamu.

"Shemeji, si ulikuwepo? Tena mstari wa mbele."

"Nilikuwepo." Alikuwa anapanga vitunguu bila kumtazama. "Lakini na video nimeiona. Watu elfu nne wameiona. Wote hao wajinga?"

Uongo fundi angeuweza. Mtu aliyeona kwa macho yake akayakana kwa ajili ya simu, huyo alimshinda, na iliuma.

Ijumaa wakakutana kumwondoa. Hakuna aliyetaka kuanza, wote macho kwenye simu. Fundi akasimama mwenyewe, akawasemea wanaotaka aondoke: kiongozi asiyeaminika ni mzigo hata kama hana kosa, na soko lililogawanyika manispaa italimeza asubuhi moja. Hajawahi kusema vizuri namna ile.

"Umetusemea," akasema muuza mboga.

"Haya. Sasa upande wangu..."

Mikono ilishapanda, mmoja wa kura, mwingine umeshika simu. Binti yake peke yake hakurekodi. Alikuwa analia mlangoni pa stoo. Kura zikahesabiwa, watu wakarudi kwenye meza zao.

Jumatatu ikaja barua ya manispaa. Soko lihame mwisho wa mwezi, kwa kuwa mwenyekiti alikwisha kukubali mbele ya umma. Video iliambatanishwa.